Kabla ya Wimbo Kuanza

Mwenyeji wetu nilimtambua kwa koo lake. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimsikia kwenye simu akilisafisha mara mbili kabla ya kusema lolote, kama mtu anayebisha hodi, ndipo aanze: "Wapenzi wa muziki, hamjambo humu." Kwa hiyo Jumamosi ile, nikiwa nimesimama uani kwake kule juu milimani, niliposikia koo likisafishwa mara mbili nyuma ya mlango, nilicheka kabla mlango haujafunguliwa. Akatoka mzee mfupi, sweta la kijani, kandambili miguuni. Kichwani mwangu nilikuwa nimemjenga mrefu.

"Wewe ndiye wa kanda safi," akasema.

"Ndiye mimi. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Sauti yako ni ya mtu mnene."

Tulikuwa kundi la kwenye simu, watu kama sitini, tuliokusanywa na muziki wa dansi wa utoto wetu na wa ujana wa waliotutangulia: ule wa magitaa matatu yanayojibizana, saksafoni ikiingia katikati, na mwimbaji anayemlalamikia mwanamke kwa adabu. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, ndiye aliyekuwa admini, na sheria yake ilikuwa moja: siasa, dini na dawa za nguvu za kiume zipelekwe kwingine. Humu ni nyimbo tu. Asubuhi mtu anatuma wimbo, mwingine anataja mwaka, wa tatu anasema umekosea, na ubishi unakwenda hadi jioni. Hatukuwa tumewahi kuonana. Tulijuana kwa sauti, na kwa vilivyokuwa nyuma ya sauti. Dereva mmoja wa lori la mchanga pale Same mjini alikuwa na injini nyuma yake saa zote. Mama mmoja wa Kihurio, aliyezungumza mara chache na kwa sentensi fupi, nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wanaofukuza ndege kwenye mpunga. Nilimtambua kwa makelele yale kabla hajatamka neno.

Mimi humo nilikuwa mtu wa kanda safi, na nilijivunia jina hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

Habari ya kanda ilianza kwa mjomba wangu. Miaka nilipokuwa shule ya msingi alikuwa na kibanda cha kurekodi karibu na stendi ya Same. Watu walileta kaseti tupu na orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, wakarudi kesho yake kuchukua kaseti iliyojaa. Mimi nilishinda pale kila nikitoka shule. Nilijifunza kurudisha utepe nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, kusafisha kichwa cha redio, kile kinachousoma utepe, kwa pamba na spiriti, na kufungua kaseti iliyokwama bila kupoteza skrubu. Mjomba alikuwa mpole, ila kwa jambo moja hakuwa na mchezo: mteja analipia muziki, halipii maneno. Akirekodi kutoka redioni aliweka kidole juu ya kitufe, akamsubiri mtangazaji anyamaze. "Akimaliza tu kuvuta pumzi," aliniambia, "achia."

Bendi zilipopita Same kupiga sikukuu, mjomba alibeba redio kaseti yake hadi ukumbini, akaiweka kando ya jukwaa na kurekodi usiku kucha, akibadili kaseti kila moja ilipojaa. Kanda hizo alizihifadhi nzima, bila kuzikata. Za kuuza alizitoa humo, wimbo mmoja mmoja, zikiwa zimechongwa huku na huku.

Alipofariki, kanda zilinifuata mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Nami si mtu wa kukaa mahali. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza na Tanga, nikarudi, nikafungua duka Kwakoa likafa, nikaenda Arusha, nikanunua na kuuza samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kwa miaka sita, nikarudi tena Same. Kila ninapohama mizigo hupungua. Kabla ya kuhama Nyumba ya Mungu nilizipeleka kanda zote kwa fundi mmoja Moshi aliyekuwa na mashine ya kuzihamishia kwenye simu. Halafu nikazitupa kwenye shimo la taka nyuma ya chumba nilichopanga. Nilibakiza moja tu, ya dansi la mwaka mpya pale Same, kwa sababu mjomba aliiandika kwa mkono wake mzuri, na kwa sababu bendi ile haikudumu na haikuwahi kutoa santuri. Hakuna kokote duniani unakoweza kuisikia isipokuwa pale.

Jioni nilikaa na simu nikisafisha. Nilikata vikohozi, chupa zinazogongana, mtu anayemwita mwenzake kutoka mlangoni. Nilikata maneno yote ya kabla ya wimbo na yote ya baada yake, kwa kidole kile kile alichonifundisha mjomba. Nikituma kundini, vikatuni vya makofi vilishuka kama mvua. "Huyu fundi! Kama amerekodi jana!" Rekodi ndefu ya fundi nilikuwa naifuta kila nikimaliza, maana simu yangu hujaa haraka.

Nilipotuma wimbo wa dansi lile la mwaka mpya, mama wa Kihurio aliandika swali. Aliuliza kama humo ndani kuna mtu anaongea kabla ya wimbo. Nikadhani anahofia kelele. Nikamjibu: "Hakuna hata neno moja, mama. Nimesafisha vizuri kabisa." Akaandika: "Sawa mwanangu."

Wiki chache baadaye Mwalimu alisafisha koo kundini akasema tumezungumza kwenye simu ya kutosha, watoto wake wameondoka wote, nyumba imebaki na vitanda vitupu, aje anayeweza kuja, Jumamosi na Jumapili. Mimi nikatuma picha ya kaseti yenyewe, ile iliyobaki, nikasema nitakuja nayo muione kwa macho. Nilitaka kusifiwa na watu wenye sura.

Tulifika tisa. Dereva alitupandisha sita kwa pikapu aliyoazima kwa shemeji yake, akisimama kila kona kutuonyesha tambarare ya mkonge inavyozama chini. Juu kule hewa ilikuwa na harufu ya tangawizi mbichi na moshi wa kuni. Mama wa Kihurio alikuwa ametutangulia. Nilimkuta jikoni akipepeta mchele aliokuja nao, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mtandio mweupe. Nilimwamkia, akaitika, akaniangalia kwa muda. "Umekuja nayo?" akauliza. Nikapiga begi langu kwa kiganja. "Ipo, mama." Akaendelea kupepeta.

Mke wa Mwalimu alikuwa amemwita jirani yao Mwislamu, mwenye duka la kona, aje kuchinja mbuzi ili wote tule bila wasiwasi. Jirani alichinja, kisha akasikia muziki ukijaribiwa, hakuondoka tena. Viti vya sebuleni vilitolewa uani ili ndani ipatikane nafasi ya kucheza. Spika ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Mwalimu akatangaza utaratibu wake, nao ulikuwa mzuri: kila mgeni atapiga nyimbo mbili, na kabla ya kupiga aeleze wimbo ule ulimkuta wapi.

Ndiyo sehemu ninayoikumbuka kwa furaha. Dereva alieleza kwamba wimbo wake wa kwanza ulimkuta akiwa amefungiwa chumbani na baba yake kwa kosa la kuuza jogoo wa nyumba ili aingie dansini, akausikiliza dirishani ukitoka bondeni.

"Na jogoo?" Mwalimu akauliza.

"Jogoo alinunuliwa na mwenye ukumbi, mwalimu. Kwa hiyo yeye aliingia dansini, mimi nikabaki."

Nesi mmoja mstaafu kutoka Mwanga alicheza peke yake katikati ya sebule, macho amefumba, mkoba ukiwa bado begani. Nilimwambia auweke chini. "Tusizoeane, kaka," akasema, "hatujajuana kiasi hicho." Tukacheka hadi mke wa Mwalimu akaja kuchungulia, naye akavutwa mkono akacheza na mwiko wake. Watu ambao nilikuwa nawajua kama sauti tu ndani ya kiganja changu walikuwa na visigino, jasho, na meno yaliyokosekana. Kwa mtu ambaye siku nyingi hula peke yake, ilikuwa kama kurudi mahali ambapo sikuwahi kufika.

Zamu yangu ilikuja baada ya chakula. Nikaitoa kaseti, ikapitishwa mkono kwa mkono, wakausifia mwandiko wa mjomba. Nikaeleza kibanda, ukumbi, redio kando ya jukwaa. Kisha nikaupiga wimbo kutoka kwenye simu yangu. Ulitoka safi, mkali, gitaa la kwanza likidondoka kama maji ya mfereji. Ulipoisha walipiga makofi na kuomba urudiwe.

Mama wa Kihurio hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na kabati, sikio limeelekea spika.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Nikarudisha. Gitaa likaanza.

"Hapana. Nyuma ya hapo."

"Hapo ndipo mwanzo, mama."

"Mwanzo wa wimbo. Mimi nataka kabla ya wimbo. Kuna kijana anaongea."

Nikazima.

"Kaka yangu ndiye aliyekuwa anashika maiki pale ukumbini," akasema, akiniangalia mimi tu. "Sikukuu zote. Alikuwa hawezi kuacha wimbo uanze hivi hivi, lazima aseme, hata wapiga magitaa walikuwa wanamkasirikia. Hiyo kanda yako ni mwaka mpya wake wa mwisho. Aliugua kabla ya masika, hakupona. Picha ninayo, ile ndogo ya kitambulisho, kwa hiyo sura yake naiona. Sauti ndiyo imenitoka. Najaribu kuikumbuka, inakuja ya mtu mwingine. Ulipotuma ule wimbo nikasema, basi, yumo humo. Nikakuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukasema hakuna hata neno moja."

Nilikuwa nimelisoma swali lake kama malalamiko, nikalijibu kwa majigambo. Nikamweleza ukweli: kwamba maneno yalikuwepo, niliyakata mimi, na rekodi ndefu niliifuta kwa sababu simu ilijaa. Kusema "simu ilijaa" mbele ya macho yale kulinitia aibu ambayo bado naihisi nikiandika.

Dereva ndiye aliyetuokoa. "Sasa kaka, unahangaika na simu ya nini? Si kanda yenyewe hii hapa? Humo alimorekodi mjomba wako si ndimo alimo kaka yake mama huyu?"

Kweli. Kanda ya mjomba ilikuwa nzima. Mwalimu alikwenda chumbani akarudi na redio kaseti kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo huitumia kusikiliza kwaya Jumapili. Nikatia kaseti kwa upande unaoanza na wimbo ule, nikabonyeza. Ilitoka sauti kama ya watu wanaoongea chini ya godoro, halafu mlio mwembamba kama wa panya. Nikazima upesi.

"Imekufa?" mama wa Kihurio akauliza.

"Haijafa. Ngoja."

Nikaitoa nikaiangalia kwenye mwanga. Ndani ya kaseti, pale utepe unapogusana na kichwa cha redio, kuna kisponji kidogo kama kucha ya mtoto, kazi yake ni kuusukuma utepe ugandamane na kichwa. Gundi yake ilikuwa imekauka, kisponji kimeanguka. Na utepe wenyewe ulikuwa umeanza kunata kwa uzee, ndiyo sababu ulilia. Niliwaambia nilichojua: utepe wa namna ile unaweza kupita mara moja ukiwa salama, mara ya pili ukakwama na kutafunwa. Hatukuwa na nafasi ya kujaribujaribu. Inabidi kuufungua, kuuhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine yenye kisponji kizima, kisha kuupiga mara moja, simu ikiwa tayari kurekodi.

"Na hiyo kaseti nyingine?" Mwalimu akauliza, akijua tayari.

Alikuwa nazo tatu, zote za kwaya ya usharika. Mbili zilikuwa za gundi, zisizofunguka bila kuvunjwa. Ya tatu ilikuwa na skrubu tano, na ndiyo aliyoishikilia kifuani.

"Hii ni kwaya ya vijana," akasema. "Mwaka tuliooana. Mimi nimeimba besi, na mke wangu ana sehemu yake peke yake humu."

"Utepe wako hautaharibika, mwalimu. Nitautoa tu na kuuhifadhi. Nikimaliza, naurudisha."

"Unasema hivyo wewe uliyefuta kaka wa mtu."

Nililistahili. Lakini mke wake, aliyekuwa anakusanya sahani, alisema neno kwa Kipare, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Mpe afungue, baba. Mimi bado naimba, wala sijafa."

Mama wa Kihurio akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, nyuma yake hakuna ndege.

Jua lilikuwa linazama, na skrubu zile hazichezewi kwenye mwanga hafifu. Tukakubaliana asubuhi. Hakuna aliyewasha spika tena. Nililala vibaya, nikihesabu kichwani kanda nilizotupa shimoni, na watu waliokuwa wakiitana humo kutoka milangoni.

Jumapili Mwalimu hakuweza kukosa ibada, yeye ni mzee wa kanisa. Aliondoka na koti lake akituonya tusiguse kitu mpaka arudi. Tukangoja. Ukungu ulikuja ukafunika migomba, ukaondoka, ukarudi. Saa tano ikapita. Mama wa Kihurio alikaa barazani na kaseti mapajani, imefungwa kwenye leso, kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Ibada gani hii," dereva akanung'unika. "Wanawahubiria na ng'ombe?"

"Ibada imekwisha zamani," mke wa Mwalimu akasema. "Sasa ni mnada."

Kule watu wasio na fedha taslimu hutoa sadaka ya mazao, na baada ya ibada mazao hunadiwa nje ya kanisa. Mwalimu hajui kunyamaza kwenye mnada. Alirudi saa sita na nusu akiwa na kuku kwapani na mkungu wa ndizi kichwani. Dereva akampokea: "Mwalimu, sisi tunakungoja ufufue mtu, wewe unashindana bei ya kuku?"

"Kuku nimeshinda," Mwalimu akasema, akisafisha koo.

Tukaisogeza meza dirishani. Mke wa Mwalimu akatandika shuka jeupe ili skrubu zisipotee, akaniletea bisibisi ndogo ya cherehani. Nikaosha mikono, nikaikausha, nikaanza. Nilikuwa sijafungua kaseti kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilidhani vidole vimesahau, lakini skrubu ya kwanza ilipozunguka nilisikia harufu ya kibanda cha mjomba, spiriti na kahawa ya tangawizi, na vidole vikaenda vyenyewe. Niliutoa utepe wa kwaya na vigurudumu vyake, nikauweka juu ya sahani, nikaufunika kwa sahani nyingine. Kisha nikafungua kaseti ya mjomba. Utepe ulikuwa na rangi ya ugoro, kingo zimejipinda. Nikauinua kwa vidole vya mikono yote miwili, pole pole, kama unavyoinua chapati isikatike.

Dereva akaanza kuvuta pumzi ya kupiga chafya. Mama wa Kihurio, bila kuutazama uso wake, akanyoosha mkono akamziba pua.

Utepe ukakaa. Nikaupitisha mbele ya kisponji, nikafunika, nikafunga skrubu tano. Nikasafisha kichwa cha redio kwa pamba niliyoizungusha kwenye kijiti cha kiberiti. Watu wakatoa simu zao, wote, wakazielekeza kwenye redio.

"Zirudisheni," mama wa Kihurio akasema. "Yangu inatosha." Akanipa simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka. Nikaiwasha irekodi, nikailaza mbele ya spika ya redio, nikamtazama. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza.

Kwanza kelele za ukumbi, watu wengi, wenye kiu. Kisha mtu akagonga maiki kwa kucha.

"Haya, haya. Sikilizeni." Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, ya kijana anayejipenda. "Lori la Kihurio linaondoka baada ya wimbo huu. Nimesema baada ya wimbo, sijasema baada ya bia. Wewe uliyekaa juu ya spika, shuka, hilo si kochi la mama yako." Watu wakacheka mle ukumbini. "La mwisho. Aliyechukua kofia yangu wiki iliyopita, ya kahawia, airudishe. Namjua. Nampa mpaka kesho. Nimejua nani kachukua, namstahi tu. Haya, wazee, pigeni."

Gitaa likaanza, lile lile, ila sasa lilikuwa ndani ya ukumbi wenye watu. Lilikwenda kidogo, utepe ukalia, ukavuta, nikazima. Nilipofungua mlango wa redio ulikuwa umejikunja kwenye gurudumu. Kanda ya mjomba haikupiga tena baada ya siku ile.

Mama wa Kihurio alikuwa ameufunika mdomo wake kwa leso. Nilidhani analia, na machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa anacheka.

"Hakumjua," akasema. "Alikuwa anadanganya! Hakumjua aliyechukua. Ni mimi." Akajipangusa. "Kofia niliificha mimi, kwenye ghala, chini ya magunia. Hakunichukua dansini, nikakasirika. Nikasema akiumia ndipo atanichukua. Halafu sikukuu ikapita, halafu akaugua, nikaona aibu kumwambia. Alimshuku rafiki yake mpaka anakufa."

"Na kofia, mama?" nesi akauliza taratibu.

"Panya," akasema, akacheka tena mpaka akalazimika kushika meza.

Tukairudisha kwaya kwenye ganda lake. Tuliijaribu mbele ya Mwalimu, akasikia besi yake, akasema siku hizi hawaimbi hivi. Ilipofika sehemu ya mke wake, mke mwenyewe alikwenda nje kumfunga kuku.

Tulishuka jioni mapema, kabla ukungu haujaziba barabara. Mama wa Kihurio alikaa mbele, kati yangu na dereva, simu sikioni kama mtu anayepigiwa. Alikuwa amekwisha kuisikiliza mara nyingi, nami nilijua rekodi inapofika kwenye kofia kwa namna bega lake lilivyotikisika dhidi ya langu.

"Mama," dereva akasema baada ya kona kadhaa, "utatutumia kundini? Watu hamsini hawakuja."

"Hapana."

"Hata wale wa Kihurio wenzako?"

"Ninyi tumeni nyimbo," akasema. "Huyu ni wetu."

Dereva akazima redio ya gari, na kwa mtu yule hiyo haikuwa sadaka ndogo. Chini yetu tambarare ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na taa za magari kwenye barabara kuu zilikuwa zimeanza kuwaka. Mama wa Kihurio akairudisha rekodi mwanzo. Nilisikia kucha ikigonga maiki, kwa mbali, ndani ya sikio la mtu mwingine. Safari hii, kijana alipofika kwenye "Namjua", dada yake akamjibu kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliyeko chumba cha pili.

"Humjui," akamwambia. "Hebu tulia nikueleze."

Akaanza kumweleza, kuanzia ghala na magunia. Mimi na dereva tukatazama barabara.